Mapitio ya kimfumo ya machapisho kabla ya kununua mashine: tunavyoyafanya kwenye kitengo cha vihatarishi

Mashine ile tuliinunua kwa kuamini makala moja. Nilikuwa mgeni kwenye kitengo cha vihatarishi cha kiwanda kimoja cha kusindika karanga hapa Kanda ya Kati. Muuzaji akaja na kabrasha zuri, na ndani yake makala ya jarida la kisayansi, halali kabisa, inayoonyesha kwamba kuchambua karanga kwa mashine ya kutambua rangi kunapunguza sana sumukuvu, yaani aflatoxin, sumu inayotengenezwa na kuvu. Nilisoma ikisiri, nikaruka hadi hitimisho, kisha nikaandika kwenye daftari la vihatarishi kwamba hatari ya sumukuvu itashuka kutoka "kubwa" hadi "ndogo". Mashine ikafungwa. Majibu ya maabara yalipokuja, sumu ilikuwa palepale.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa meza ya kuchambua kwa mkono, mtu wa miaka mingi kiwandani. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu," halafu akachukua punje moja, akaipukusa ngozi kwa kidole gumba. Chini ya ile ngozi nyekundu palikuwa na doa la kijivu. "Mashine yenu inaona ngozi. Ubovu umejificha ndani."

Nikarudi ofisini nikafungua ile makala, safari hii kwenye sehemu ya mbinu. Karanga za utafiti ule zilikuwa zimemenywa ngozi kabla ya kupita kwenye mashine. Sisi tulizipitisha na ngozi zake. Makala haikudanganya hata neno moja. Mimi ndiye niliyeichukua kama ilivyoletwa, bila kuuliza tafiti nyingine zinasema nini na karanga zao zilikuwa katika hali gani.

Tangu siku hiyo sisaini pendekezo lolote la teknolojia mpya kabla ya mapitio ya kimfumo ya machapisho. Nitaeleza tunavyoyafanya, kwa mfano wa karanga na sumukuvu, kwa sababu ndio ninaoujua vizuri. Ukifanya kazi benki, bandarini au kwenye kampuni ya simu, badilisha bidhaa, hatua zinabaki hizohizo.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mapitio ya kawaida ya machapisho ni yale uliyoyaandika chuoni: unakusanya unachokijua na unachokipenda, unakipanga, unakiandikia hoja. Mapitio ya kimfumo yana sharti moja zito zaidi: njia ya kutafuta, kuchagua na kupima makala inaandikwa kabla ya kuzisoma, na inaandikwa kwa namna ambayo mtu asiyekubaliana nawe anaweza kuipita hatua kwa hatua na kuona alipoachana nawe. Utaratibu huu ulikomaa kwenye tiba. Daktari Mskoti Archie Cochrane alilalamika miaka ya 1970 kwamba tiba nyingi zinatolewa bila ushahidi uliokusanywa vizuri, na mwaka 1993 ukaanzishwa mtandao wa watafiti unaobeba jina lake. Nembo ya mtandao huo ni mchoro wa majaribio ya dawa nafuu wanayopewa akina mama wanaokaribia kujifungua kabla ya wakati, ili mapafu ya mtoto yakomae. Jaribio la kwanza lilichapishwa mwaka 1972. Majaribio yakaendelea kuongezeka moja moja, lakini mapitio ya kuyaunganisha yote yakachapishwa mwaka 1989 tu, na katikati hapo madaktari wengi hawakuitumia dawa ile. Watoto walikufa huku jibu likiwa limekaa vipandevipande maktabani. Kila nikiuona mchoro ule nakumbuka kwamba kutokusoma nako ni kihatarishi.

Kwenye uongozi wa makampuni utaratibu huu uliletwa rasmi na Tranfield, Denyer na Smart katika makala yao ya mwaka 2003 kwenye British Journal of Management. Wao walisisitiza kwamba kampuni si wodi ya hospitali: mazingira yanatofautiana mno, kwa hiyo lazima mapitio yaulize kinachofanya kazi wapi na kwa nini. Karanga zangu zenye ngozi ni ushahidi tosha.

Swali liwe jembamba

Swali la mkurugenzi huja hivi: "Tufanye nini kuhusu sumukuvu?" Hilo halitafutiki. Tunalivunja katika sehemu nne: mazingira, hatua inayochukuliwa, namna hatua hiyo inavyofanya kazi, na matokeo yanayopimwa. Kwa mfano wetu likawa: kwa karanga zinazolimwa na wakulima wadogo katika maeneo yenye mvua haba, je, kuchambua kwa rangi, kutumia Aflasafe shambani, au kuhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa kunapunguza kwa kiasi gani sumukuvu katika karanga zinazofika kiwandani, na kwa njia gani?

Sehemu ya tatu, ile ya "kwa njia gani", ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayookoa fedha. Hatua hizi tatu zinafanya kazi katika sehemu tofauti za safari ya karanga. Aflasafe ni punje za mtama zilizobebeshwa aina za kuvu isiyotengeneza sumu. Humwagwa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mmea kutoa maua, ili kuvu hiyo itangulie kukamata nafasi ambayo kuvu yenye sumu ingeikamata. Mifuko isiyopitisha hewa inazuia kuvu kuendelea kukua ghalani, mradi karanga zimekauka vya kutosha, lakini haiondoi sumu iliyokwisha kuingia. Mashine inaondoa punje mbovu mwishoni kabisa. Ukiziweka kwenye mizani moja kana kwamba ni bidhaa tatu za aina moja, utachagua vibaya hata ukisoma makala elfu.

Andika pia kipimo cha kufaulu kabla hujaanza. Kwetu kilikuwa viwango vya sheria. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, jumla ya sumukuvu haitakiwi kuzidi mikrogramu 10 kwa kilo, na aina ya B1 peke yake isizidi 5. Umoja wa Ulaya, kwa karanga za kuliwa moja kwa moja, unataka 4 na 2. Hatua inayoshusha sumu kutoka 60 hadi 15 ina asilimia nzuri kwenye makala lakini haikufikishi sokoni.

Itifaki ya kurasa mbili

Hapa ndipo kazi yote inapopatia au kuharibika. Itifaki ni karatasi inayosema: swali letu ni hili, tutatafuta katika hifadhidata hizi, kwa maneno haya, tutaingiza tafiti za namna hii na kuziacha za namna ile, tutapima ubora kwa maswali haya, watakaochuja ni fulani na fulani. Inatiwa saini na tarehe, nakala inapelekwa kwa mkaguzi wa ndani. Kurasa mbili zinatosha.

Kwa nini tarehe na mkaguzi? Kwa sababu ofisini kuna nguvu ambayo chuoni haipo: bosi tayari ana jibu. Wakati mwingine ameshaahidi, wakati mwingine ameshatembelea maonyesho ya biashara ng'ambo akarudi na picha za mashine kwenye simu. Bila itifaki, mkono wako utaanza wenyewe kuona makala zinazompinga kuwa "dhaifu" na zinazomuunga mkono kuwa "nzuri". Nimeuona mkono wangu ukifanya hivyo. Karatasi yenye tarehe inakulinda wewe, na inamlinda yeye pia.

Ukilazimika kubadilisha itifaki katikati, badilisha. Andika tarehe, ulichobadilisha, na sababu. Kinachokatazwa ni kubadilisha kimyakimya.

Vigezo vya kuingiza na kuacha visiwe na mashairi. Vyetu: utafiti uwe umepima sumu kwa maabara, si kwa kuangalia kwa macho, uwe na kundi la kulinganisha, useme karanga zilikuwa katika hali gani, zina ngozi au hazina, uwe umechapishwa kuanzia 1990. Kigezo cha ngozi kimo humo kwa heshima ya yule mama.

Kutafuta, na mahali watu wanaposahau

Hifadhidata kubwa za kulipia, kama Scopus na Web of Science, kampuni nyingi hazina. Usikate tamaa. PubMed ni ya bure. Google Scholar ni ya bure, ingawa haifai kuwa ya peke yake kwa sababu matokeo yake ni vigumu kuyarudia kwa usahihi. African Journals Online ina majarida ya Afrika ambayo hifadhidata kubwa huyapita. Mpango wa Research4Life unazipa taasisi za umma na za elimu za nchi kama Tanzania majarida ya bure au ya bei ndogo, lakini kampuni za biashara hazimo. Sisi tulifanya makubaliano na maktaba ya chuo, tukaenda kukaa pale, kwa utaratibu wao na kwa uwazi.

Maneno ya kutafutia yanahitaji subira kuliko yanavyoonekana. Waingereza na wengi wa Afrika Mashariki huandika groundnut, Wamarekani huandika peanut, na wengine hutumia jina la kisayansi. Ukitafuta kwa neno moja, umeacha sehemu kubwa ya dunia nje. Senegali na Guinea wanaandika Kifaransa, kwao ni arachide. Na Kiswahili usikiache: "sumukuvu" ni neno linalotumiwa kwenye miongozo ya serikali yetu na mafunzo ya maofisa ugani. Mstari wetu wa Kiingereza wa kutafutia ulikuwa hivi:

aflatoxin* AND (groundnut* OR peanut* OR arachis) AND (sort* OR biocontrol OR atoxigenic OR hermetic OR drying)

Nyota inaambia hifadhidata ichukue miisho yote ya neno. Hifadhi mstari kamili, jina la hifadhidata, tarehe, na idadi ya makala zilizotoka. Mwaka unaofuata utaurudia uleule.

Baadaye chukua makala bora tano ulizopata, pitia marejeo yake, halafu tafuta nani amezirejelea tangu zichapishwe. Njia hii ya kufuata nyayo mbele na nyuma mara nyingi huleta makala ambazo mstari wowote wa maneno ungezikosa.

Kisha nenda nje ya majarida. Tasnifu za wanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ziko kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo, na ndani yake kuna vipimo vya vijiji ambavyo mainjinia wa mashine hawajawahi kuvisikia. Kwa upande wa hatari, mfumo wa tahadhari wa Umoja wa Ulaya kuhusu chakula, RASFF, unaonyesha hadharani shehena zilizozuiwa, nchi zilikotoka na sababu. Hiyo ndiyo picha ya kilichowapata wenzako wa biashara, na haipatikani kwenye jarida lolote.

Niruhusu nichepuke kidogo, kama gari linavyochepuka Mbande kwenda Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu wa Kiingereza ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, kisha ukapendekeza mamilioni ya ekari za karanga, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama saruji, mashine zikavunjika, mvua haikutosha. Januari 1951 mpango ukasitishwa, na serikali ya Uingereza ikafuta takribani pauni milioni 36. Hii ni ardhi iliyopitia njaa ya Mtunya kati ya 1917 na 1920, kwa vita na ukame. Ukame wa Ugogo haukuwa siri kwa yeyote aliyeishi Ugogo. Ujuzi ulikuwapo, haukuwa kwenye orodha ya mahali pa kutafuta. Ndiyo maana kwenye itifaki yetu kuna mstari wa mahojiano: maofisa ugani, wanunuzi wa soko la Kibaigwa, mama wa meza ya kuchambua. Hawahesabiwi kama tafiti, lakini wanatuonyesha maswali ya kuziuliza tafiti.

Kuchuja mkiwa wawili

Tuseme hifadhidata zimekupa makala 600. Ondoa zilizojirudia, tuseme 140, zibaki 460. Soma vichwa na ikisiri za hizo 460. 390 zinatoka waziwazi, zinabaki 70 za kusoma zote. Nne hazipatikani hata kwa kuwaandikia waandishi. Katika 66 ulizosoma, 41 unaziacha, kila moja na sababu iliyoandikwa. Umebaki na 25. Idadi hizi zinachorwa kwenye mchoro mmoja wa mtiririko, kama unavyotaka PRISMA, mwongozo wa kimataifa wa kuripoti mapitio ya kimfumo. Toleo la sasa ni la 2020 na lina vipengele 27. Kampuni haihitaji vyote 27, lakini mchoro ule usiuache. Ndio unaomjibu mjumbe wa bodi anayeuliza, "Mbona ile makala niliyoletewa siioni?"

Kuchuja kufanywe na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuchungulia. Programu kama Rayyan inasaidia kuficha uamuzi wa mwenzako, na Zotero inatosha kutunza makala. Anzeni na makala 100 za majaribio, halafu pimeni mlivyokubaliana. Hapa msidanganyike na asilimia. Tuseme mmekubaliana mara 85 kati ya 100: makala 20 wote mmesema "iingie", 65 wote mmesema "itoke". Inaonekana vizuri. Lakini mmoja amesema "iingie" mara 25 na mwingine mara 30, na watu wenye mwelekeo huo wangekubaliana mara 60 hata kama kila mmoja angerusha kete. Kwa hiyo mliyoyaongeza juu ya bahati ni 25, katika nafasi ya 40 iliyobaki. Gawanya: 0.625. Hicho ndicho kipimo cha kapa cha Cohen. Sisi tukiwa chini ya 0.6 tunasimama, tunakaa pamoja na zile 15 tulizogombana, na karibu kila mara tunagundua kigezo kimoja kimeandikwa vibaya. Kwetu lilikuwa neno "kuanika": mmoja alihesabu kuanika kwenye turubai kama hatua mpya, mwingine akaona ni kawaida ya mkulima.

Wachujaji wasiwe wote wa ofisi moja. Mimi nilichuja na mtu wa maabara. Tulibishana sana na ilikuwa kazi bora kuliko yote niliyofanya mwaka ule.

Jedwali la kuvuna

Kila makala iliyobaki inavunwa kwenye jedwali lenye safu zilezile: mahali, mwaka wa mavuno, mvua ilikuwaje, hali ya karanga, hatua iliyochukuliwa, sumu kabla, sumu baada, ukubwa wa sampuli, nani alifadhili, na kama waandishi ndio waliobuni bidhaa wanayoipima.

Chukua utafiti uliochapishwa kwenye The Lancet mwaka 2005, uliofanyika Guinea. Vijiji 20 vya wakulima, 10 vikapewa mafunzo na vifaa vya baada ya mavuno: kuchambua kwa mkono, mikeka ya kuanikia, magunia ya nyuzi asilia, mbao za kuinua magunia kutoka sakafuni, dawa ya wadudu, 10 vikaendelea na kawaida yao. Miezi mitano baada ya mavuno, alama ya sumukuvu kwenye damu za watu wa vijiji vilivyosaidiwa ilikuwa chini kwa zaidi ya nusu. Ni matokeo ya kutia moyo sana, na vifaa vyenyewe ni rahisi. Lakini kwenye jedwali langu safu ya matokeo inasema "damu ya walaji", si "karanga zinazofika kiwandani", na safu ya hatua ina mambo matano kwa pamoja, kwa hivyo siwezi kusema ni mkeka au ni gunia. Jedwali linakulazimisha kuona hayo. Ikisiri peke yake ingekuacha ukishangilia.

Safu ya wabunifu nayo ina maana yake. Tafiti za Aflasafe mara nyingi huripoti sumu kupungua kwa asilimia 80 au zaidi, na waandishi wengi ni wanasayansi wa taasisi zilizoibuni. Si aibu, wao ndio wanaoijua. Ila unapopima uzito wa ushahidi, tafuta pia aliyeipima bila kuwa mzazi wake.

Kupima uzito wa ushahidi

Sumukuvu haikai karangani kama chumvi kwenye maji. Punje chache sana hubeba sumu nyingi sana, na zilizozizunguka huwa safi. Aliyechota nusu kilo kutoka tani moja anaweza kukuta sifuri, akachota tena akakuta mia. Kwa hiyo swali letu la kwanza la ubora ni: walichota kilo ngapi, kutoka sehemu ngapi za shehena, na walisaga zote kabla ya kupima? Tafiti zilizoshindwa hapo hatukuzitupa, tuliziweka daraja la chini. Wewe wa benki utakuwa na swali lako la namna hiyo. Lipate kwa mtu anayefanya kazi yenyewe, si kwenye orodha ya jumla.

Maswali mengine: je, makundi yaligawanywa kwa bahati nasibu? Utafiti ulidumu msimu mmoja au zaidi? Hili la msimu ni kubwa kwetu, maana kuvu huchachamaa ukame na joto vikikutana karibu na mavuno. Hatua iliyofaulu mwaka wa mvua nzuri bado haijajaribiwa. Na angalia kama makala imefutwa na jarida. Zotero huonya yenyewe. Ukitumia programu za akili unde kukusanyia marejeo, fungua kila moja kwa mkono wako. Huwa zinatunga makala zisizokuwapo, zenye majina yanayovutia.

Mwishoni tunatoa daraja kwa kila hitimisho, kwa mfumo wa GRADE: uhakika wa juu, wa wastani, wa chini, wa chini sana. Daraja hupewa hitimisho zima, si makala moja moja.

Kuunganisha

Usihesabu kura. Tafiti saba zikisema "inafaa" na tatu "haifai", jibu si saba kwa tatu. Pengine zile tatu ndizo zenye sampuli kubwa, au ndizo pekee zilizofanyika penye ukame kama kwako. Panga tafiti kwa mazingira kwanza, uone kama mgongano unajieleza. Za mashine zilipangika mara moja: zilizomenya ngozi upande huu, zisizomenya upande ule. Za mifuko zilipangika kwa ukavu wa karanga siku ya kufunga. Kukaanga, ambako meneja wa uzalishaji alikutegemea, kunapunguza sumu kiasi lakini hakuimalizi. Inavumilia joto kuliko tunavyodhani.

Kumbuka pia kwamba jaribio lililoshindwa mara nyingi halichapishwi. Ukiona njia fulani ina mafanikio matupu, andika hilo kama tahadhari.

Kutoka jedwali hadi daftari la vihatarishi

Mapitio yaliyoandaliwa kwa ukamilifu wa kitaaluma huchukua zaidi ya mwaka. Kampuni haiwezi. Sisi hutumia wiki sita: moja ya swali na itifaki, moja ya kutafuta, mbili za kuchuja na kuvuna, moja ya kupima na kuunganisha, moja ya kuandika. Tunapunguza idadi ya hifadhidata na lugha. Hatupunguzi itifaki, wala uchujaji wa watu wawili. Na tunaandika waziwazi tulichokipunguza.

Kwa bodi tunapeleka ukurasa mmoja. Mkurugenzi aliwahi kuniambia, "Dada, nipe jibu, usinipe jedwali." Nikamjibu, "Bosi, jibu ni kwamba mashine inafaa tukimenya ngozi kwanza, uhakika ni wa wastani. Aflasafe inafaa shambani lakini msimu mkavu kabisa haujajaribiwa vya kutosha. Mifuko inafaa kwa mkulima aliyekausha vizuri tu." Akanyamaza, kisha akauliza kumenya kunagharimu kiasi gani. Hilo ndilo swali nililotaka aulize tangu zamani.

Kwenye daftari la vihatarishi hatuandiki tena "kubwa" au "ndogo" peke yake. Kila udhibiti una upana wa matokeo, kutoka mbaya zaidi hadi bora zaidi iliyoonekana katika mazingira kama yetu, na pembeni daraja la uhakika. ISO 31000, mwongozo wa kimataifa wa usimamizi wa vihatarishi, inaieleza hatari kuwa ni athari ya kutokuwa na uhakika juu ya malengo. Basi uhakika wenyewe lazima uonekane kwenye daftari. Katika athari tuliandika pia watu: mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafariki. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, walikufa 125. Siwezi kuandika "hasara ya shehena" na kuishia hapo.

Kwa kitengo cha ubunifu, sehemu yenye thamani kubwa ni visanduku vitupu vya jedwali. Pale ambapo hakuna utafiti wa mazingira yako, ndipo pa kufanya jaribio dogo. Sisi kisanduku kitupu kilikuwa Aflasafe pamoja na turubai za kuanikia, kwa karanga za eneo letu. Jaribio tulilipanga kwa vijiji, si kwa mkulima mmoja mmoja, kwa sababu kuvu ile husambaa kwa upepo na jirani naye angenufaika, tukashindwa kulinganisha. Vijiji vilichaguliwa kwa kura mbele ya wakulima wenyewe. Kiwango cha kuendelea au kuacha kiliandikwa kabla ya mbegu kuingia ardhini: mikrogramu 10, jumla, katika sampuli iliyosagwa yote.

Kila Septemba, kabla ya kuagiza pembejeo za msimu, tunaurudia mstari uleule wa kutafutia kwa makala zilizoongezeka tangu tarehe ya mwisho. Kazi ya siku tatu. Mwaka huu wachujaji watakuwa wale vijana wawili wapya wa kitengo, na kabla ya kufungua kompyuta watakaa nusu siku kwenye meza ya kuchambua na yule mama, wapukuse ngozi kwa mikono yao.